Mguu wa Kijana na Metali Inayoshikwa na Mfupa

Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero hahitaji kufundishwa na mtu ugumu wa kuunganisha vitu viwili vya asili tofauti. Jembe lake ni chuma na mpini wake ni mti. Siku ya kwanza ncha ya jembe huingia kwa kubana katika tundu la mpini, na kazi huenda vizuri. Lakini chuma kikianza kucheza, hata kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, kila pigo hupanua tundu, na kadiri tundu linavyopanuka ndivyo jembe linavyozidi kucheza. Hatimaye jembe huchomoka. Hapo mkulima huchonga kabari, au huloweka mpini majini ili mti uvimbe, akaendelea na kazi yake hadi jioni.

Madaktari wanaopasua mifupa wanakabiliwa na swali hilohilo. Mpini wao ni mfupa wa binadamu, na jembe lao ni kipande cha metali kinachowekwa mahali pa mfupa ulioharibiwa na uvimbe. Mgonjwa atakitembelea kipande hicho maelfu ya hatua kila siku, mwaka baada ya mwaka. Je, kitashikwaje kisilegee? Jibu la swali hili limo katika tofauti moja kubwa: mti wa mpini umekufa, bali mfupa u hai. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi uhai huo unavyotumika kuokoa mguu ambao zamani ungekatwa, na kwa nini ustadi wote huo hauwezi kumfaa mgonjwa aliyechelewa.

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tumfikirie kijana mmoja wa kubuni. Yu kidato cha pili katika shule iliyo kati ya Mang'ula na Mlimba, na umri wake ni miaka 15. Amekuwa akisikia maumivu juu kidogo ya goti la kulia tangu siku alipoanguka katika mchezo wa mpira. Wenzake wanamwambia kuwa ni mshtuko wa kawaida tu. Tutamrudia kijana huyu kila itakapofaa.

Ugonjwa unaopenda ujana

Watu wengi huuona mfupa kama jiwe lililofunikwa nyama. Sivyo ulivyo. Takriban theluthi mbili za uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosforasi, ambayo huupa ugumu. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huuwezesha kunepa kidogo bila kuvunjika. Ndani ya mchanganyiko huo huishi chembe hai, yaani seli, za aina mbalimbali. Ziko zinazojenga mfupa mpya, ambazo tunaweza kuziita waashi, na ziko zinazobomoa mfupa uliochakaa. Kazi hizo mbili huendelea sambamba maisha yote ya mtu.

Katika kijana anayerefuka, waashi hufanya kazi kwa kasi kubwa karibu na ncha za mifupa mirefu, hasa jirani na goti. Ncha ya chini ya mfupa wa paja peke yake huleta takriban asilimia 70 ya urefu wote unaoongezeka katika mfupa huo. Pahali hapohapo ndipo kansa iitwayo osteosakoma hupenda kuzuka. Katika ugonjwa huu chembe zilizoasi hugawanyika bila kikomo na kutengeneza mfupa mbovu usio na mpangilio. Takriban nusu ya wagonjwa wote huupata jirani na goti, ama katika ncha ya chini ya mfupa wa paja, ama katika ncha ya juu ya muundi. Pengine hutokea katika mfupa wa mkono karibu na bega. Wengi wa wagonjwa ni vijana wa umri wa miaka kati ya 10 na 20, yaani umri uleule wa wanafunzi wa sekondari.

Hapana budi kuongeza haraka kwamba ugonjwa huu ni nadra sana. Katika vijana milioni moja, wanaoupata kwa mwaka ni yapata kumi au pungufu. Kwa hiyo goti linalouma baada ya mchezo karibu kila mara ni goti lililoumia tu. Hatari yake inatokana na uadimu huohuo: kwa kuwa hakuna anayeutarajia, hukaa miezi mingi ukidhaniwa kuwa kitu kingine.

Si kila uvimbe wa mfupa ni osteosakoma. Uko uvimbe wa chembe kubwa, ambao aghalabu huwapata watu wazima wa miaka 20 hadi 40. Huu huula mfupa pale ulipo, lakini kwa kawaida hausambai mwilini. Mara nyingi daktari huweza kuukwangua na kulijaza shimo lililobaki. Zipo pia kansa za sehemu nyingine, kwa mfano za matiti, ambazo hutuma chembe zake mifupani. Matibabu hutofautiana kwa kila aina, na ndiyo maana uvimbe haukatwi kabla haujajulikana jina lake.

Kukata au kuokoa

Hadi kufikia miaka ya 1960, matibabu ya kawaida ya osteosakoma yalikuwa kuukata mguu juu ya uvimbe. Hata hivyo wagonjwa wengi walifariki dunia baadaye. Katika kila wagonjwa watano, hakupona hata mmoja kwa uhakika. Sababu yake ni kwamba siku mgonjwa alipofika hospitali, chembe za kansa aghalabu zilikuwa zimekwisha kusafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni, ingawa zilikuwa ndogo mno zisionekane katika picha ya eksirei. Msumeno wa daktari haukuweza kuzifikia.

Badiliko kubwa lilikuja katika miaka ya 1970, zilipoanza kutumika dawa kali zinazoua chembe zinazogawanyika upesi, kama vile doksorubisini, sisplatini na methotreksati. Matibabu hayo huitwa tibakemikali. Dawa huzunguka na damu, na hivyo huifuata kansa kokote ilikojificha. Mahali matibabu haya yanapotolewa kikamilifu kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujaonekana kwingine mwilini, wanaopona ni takriban watu sita au saba katika kumi.

Dawa hizo zilifungua mlango mwingine. Zinapotolewa kwanza, kabla ya upasuaji, mara nyingi uvimbe husinyaa au hufa kwa sehemu kubwa, na mipaka yake huwa wazi zaidi. Daktari aweza kuuondoa mfupa mgonjwa pamoja na tabaka la nyama nzima inayouzunguka, akauacha mguu mahali pake. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kwamba wagonjwa waliookolewa miguu kwa njia hii hawakuishi muda mfupi kuliko waliokatwa, ilimradi uvimbe uondolewe wote. Tangu hapo kuokoa mguu kumekuwa lengo la kwanza, na kukata kumebaki njia ya wale ambao uvimbe umewazidi.

Lakini mfupa wa paja ukiondolewa kwa urefu wa sentimeta 15 au 20, pamoja na sehemu ya goti, ni kitu gani kitakachobeba mwili? Swali hili lilikuwa limewashughulisha madaktari tangu mapema. Mwaka 1940, katika mji wa Columbia, South Carolina, nchini Marekani, Austin Moore na Harold Bohlman waliondoa sehemu ya juu ya mfupa wa paja wa mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa chembe kubwa. Mahali pake waliweka kipande cha aloi ya kobalti na kromi chenye urefu wa karibu sentimeta 30, wakakifunga kwa bolti katika mfupa uliobaki.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1972 alifanya kazi Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Mulago, daktari wa mifupa aitwaye Ronald Huckstep. Wengi walimjua kwa kazi yake ya kuwatengenezea watoto waliopooza kwa polio vyuma vya miguu vya bei nafuu katika karakana za hukohuko. Mwaka 1972 alihamia Sydney, Australia. Jina lake limebaki katika msumari wa aloi ya titani wenye matundu mengi ya skrubu, unaopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa. Pale mfupa ulipoliwa na uvimbe, Huckstep aliuvika msumari huo vipande vya kauri, kama shanga katika uzi, ili kuziba pengo. Fikra zake zote mbili, yaani ya unafuu na ya uimara, bado zina mafunzo kwa nchi kama yetu.

Jinsi mfupa unavyoshika metali

Sasa turudi kwenye mpini na jembe. Kipandikizi kinachowekwa mahali pa goti huwa na sehemu tatu: kiungo kinachojikunja kama bawaba, mwili unaochukua nafasi ya mfupa ulioondolewa, na shina linaloingia ndani ya mfupa uliobaki. Sehemu mbili za kwanza ni kazi ya mhandisi. Sehemu ya tatu ndiyo mkataba kati ya metali na mwili, na kuna njia tatu za kuuandika mkataba huo.

Njia ya kwanza ni saruji. Hii si saruji ya kujengea nyumba, bali ni aina ya plastiki inayochanganywa wakati wa upasuaji na kugandamana kwa muda wa dakika chache. John Charnley wa Uingereza ndiye aliyeeneza matumizi yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akibadilisha nyonga zilizochakaa. Saruji hujaza nafasi kati ya shina na mfupa, kama kabari ya mkulima. Faida yake ni kwamba mgonjwa huweza kuukanyagia mguu mapema. Upungufu wake ni kwamba saruji haina uhai: ikipasuka, haijiungi tena.

Njia ya pili hutegemea ugunduzi uliotokea bila kukusudiwa. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alitumia kifaa kidogo cha titani kilichofungwa mfupani. Alipotaka kukitoa ili akitumie tena, aliona hakitoki, kwani mfupa ulikuwa umekishika. Badala ya kukasirikia hasara ya kifaa, alijiuliza sababu. Mwaka 1965 akaanza kutumia skrubu za titani kuwekea watu meno ya bandia.

Sababu ni hii. Titani ikiguswa na hewa au maji hujifunika mara moja kwa utando mwembamba sana wa oksidi. Utando huo hauozi wala hauachii sumu, na mwili hauuoni kuwa adui. Waashi wa mfupa huweza kujenga hadi kuugusa uso wa metali, pasiwe na nyama laini katikati. Uso huo ukifanywa kuwa na vinyweleo vya upana wa kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ya milimeta, mfupa mpya huingia ndani yake, mfano wa mche wa mpunga uliopandikizwa ambao mizizi yake imekamata tope.

Lakini mche ukitikiswa kila siku hauwezi kushika. Vivyo hivyo, kama shina linacheza mfupani zaidi ya takriban sehemu moja na nusu ya kumi ya milimeta katika kila hatua, waashi hushindwa, na mahali pao hujengwa utando laini wenye nyuzi. Utando huo hauna nguvu ya kushika kitu. Kwa hiyo majuma ya kwanza baada ya upasuaji ndiyo yanayoamua mambo mengi, na mgonjwa akiambiwa atembelee magongo hana budi kutii, hata akijiona ana nguvu.

Njia ya tatu ni mpya zaidi, na mwanafunzi wa fizikia ataipenda. Mwaka 1892 daktari Julius Wolff wa Ujerumani alieleza kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mizigo unayobeba. Sehemu inayobanwa hunenepa, na sehemu isiyo na kazi hukonda. Hapa ndipo shina refu la metali linapoleta tatizo. Aloi ya titani hukinza kupindwa takriban mara tano au sita zaidi ya mfupa, na chuma cha pua takriban mara kumi. Vitu viwili vikibeba mzigo pamoja, kilicho kikaidi zaidi huchukua sehemu kubwa ya mzigo. Metali hubeba, mfupa hupumzika, na mfupa uliopumzika hukonda. Baada ya miaka kadhaa shina linaweza kukutwa limo ndani ya mfupa mwembamba kama ganda.

Ili kuliepuka jambo hilo, wahandisi walibuni kipandikizi chenye shina fupi linalofungwa kwa pini ndani ya mfupa, pamoja na springi zenye nguvu zinazouvuta uso wa metali dhidi ya ncha ya mfupa uliokatwa. Mbano huo unaweza kufikia uzito wa zaidi ya kilo 300, na hukaa hapo usiku na mchana. Mfupa, kwa kuwa unabanwa, hutii kanuni ya Wolff: hunenepa mahali pa kiungo na kuota ndani ya vinyweleo vya metali. Hivyo kile ambacho huulegeza mpini wa jembe, yaani mzigo, hapa hufanywa kuwa chakula cha kiungo.

Mambo yanayoweza kuharibika

Ingekuwa udanganyifu kumwacha msomaji aamini kwamba kipandikizi ni mguu mpya. Tishio la kwanza ni maambukizi. Metali haina mishipa ya damu, kwa hiyo vijidudu vikijishikiza juu yake askari wa mwili huwa taabu kuwafikia. Katika vipandikizi vikubwa vya namna hii, takriban mgonjwa mmoja katika kumi hupata maambukizi, na pengine kipandikizi hulazimika kutolewa. Tishio la pili ni kulegea, kama tulivyoeleza. La tatu ni kuchakaa kwa bawaba ya goti. Kijana aliyewekewa kipandikizi akiwa na miaka 15 huenda akahitaji kupasuliwa tena, si mara moja, katika maisha yake. Michezo ya kurukaruka na kugongana inambidi kuiacha.

Tena lipo suala la kukua. Ncha ya chini ya mfupa wa paja huongeza takriban sentimeta moja kwa mwaka. Ncha hiyo ikiondolewa kwa mtoto wa miaka 10, mguu mmoja utabaki mfupi. Viko vipandikizi vinavyorefushwa kwa kuzungushwa na sumaku iliyo nje ya mguu, bila kupasua tena, lakini bei yake ni kubwa mno kwa familia nyingi duniani.

Kwa sababu hiyo haifai kudhani kwamba njia ya metali ndiyo pekee yenye heshima. Iko njia ya kuzungusha mguu: sehemu yenye uvimbe huondolewa, kisha sehemu ya chini ya mguu huunganishwa na paja ikiwa imegeuzwa nusu duara, kisigino kikaelekea mbele. Kifundo cha mguu hufanya kazi ya goti, na mgonjwa huvaa mguu wa bandia chini yake. Sura yake huwashangaza watu, lakini mtoto aweza kukimbia, na mfupa ulioungwa na mfupa hauhitaji kubadilishwa. Na pale inapokuwa lazima kukata, mguu wa bandia uliotengenezwa vizuri humrudisha kijana shuleni. Mafundi wa viungo hivyo hufunzwa hapa nchini, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 mjini Moshi, jirani na hospitali ya KCMC. Chuo hicho hupokea pia wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika.

Safari kutoka bondeni

Tumrudie kijana wetu. Maumivu hayakuisha. Yalianza kumwamsha usiku, hata siku ambazo hakucheza. Baada ya mwezi mmoja, juu ya goti pakavimba pagumu, na ngozi ikawa na joto. Nyumbani akakandwa kwa mafuta na maji ya moto. Mtu mmoja akashauri achanjwe ili damu mbaya itoke. Mwingine akasema ni jipu lililokosa mdomo, lipasuliwe.

Hapo ndipo mguu unapopotea. Daktari akitaka kuuokoa, yampasa aone kwamba mshipa mkuu wa damu na neva za mguu, ambazo hupita nyuma ya goti, hazijazingirwa na uvimbe. Mfupa unaweza kubadilishwa kwa metali, lakini mguu usio na damu wala hisia hauna faida kwa mwenyewe. Kila juma linalopita huupa uvimbe nafasi ya kuifikia mishipa hiyo, na huzipa chembe zake nafasi ya kufika mapafuni. Chale au kisu kisicho mahali pake huweza kuzieneza chembe za kansa katika nyama iliyokuwa salama. Hata kile kipande kidogo kinachokatwa kwa uchunguzi wa hadubini yafaa kichukuliwe na wataalamu watakaofanya upasuaji wenyewe, au kwa ushauri wao, kwani njia ya sindano hiyo nayo itabidi kuondolewa baadaye.

Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Maabara iliyoanzishwa hapo mwaka 1957 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Katika bonde hili watu wamejifunza kwamba ugonjwa unaweza kukingwa kwa chandarua. Osteosakoma ni ya namna nyingine: haina mbu wa kuzuiwa, haina chanjo, wala haitokani na uchafu au kosa la mtu. Silaha tuliyo nayo ni kuitambua mapema.

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa, nayo ni picha ya eksirei ya mahali panapouma. Hospitali ya Mtakatifu Francis mjini Ifakara ndiyo tegemeo la wagonjwa wa bonde. Zamani mgonjwa kutoka upande wa Ulanga alilazimika kungoja pantoni ili avuke mto Kilombero. Tangu mwaka 2018 hupita juu ya daraja. Picha ikionyesha mfupa uliolika, au miale ya mfupa mpya inayotoka nje kama ya jua linalochomoza, mgonjwa hapaswi kurudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Hupewa rufaa. Mjini Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 400, ziko Taasisi ya Mifupa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambazo zote mbili ziliundwa kwa sheria za mwaka 1996. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa dawa za kansa, msomaji wa picha na mtazamaji wa hadubini hawana budi kumwona mgonjwa huyo kama timu moja.

Kwa matumizi ya darasani

Walimu wanaweza kulionyesha somo hili bila vifaa vya gharama. Majaribio matatu yanatosha.

La kwanza: chukua mifupa miwili mikavu ya paja la kuku. Mmoja uloweke katika siki kwa muda wa juma moja, ukibadilisha siki kila baada ya siku mbili. Madini yatayeyuka, na mfupa utapindika kama mpira. Wa pili uchome motoni hadi uwe mweupe. Kolajeni itaungua, na mfupa utapondeka kwa vidole. Wanafunzi waeleze ni kitu gani kilichoondoka katika kila mfupa.

La pili: funga nondo fupi na nyembamba kwa kamba kando ya fito ndefu ya mwanzi, ifikie nusu ya urefu wake. Pinda fito polepole. Itaonekana kwamba sehemu iliyo na nondo hainepi, na mkazo wote hukusanyika pale nondo inapoishia. Hivyo ndivyo shina la metali linavyoupumzisha mfupa mahali pamoja na kuuelemea mahali pengine.

La tatu: leteni darasani jembe lililolegea. Wanafunzi wapime upana wa tundu, walitumie shambani kwa saa moja, kisha wapime tena.

Pamoja na majaribio hayo, kila mwalimu wa zamu na kila kiranja wa bweni azishike alama hizi: maumivu ya mfupa yanayozidi badala ya kupungua; maumivu yanayoamsha usingizini; uvimbe mgumu usioondoka kwa majuma mawili au matatu; kuchechemea kusiko na sababu; na mfupa kuvunjika kwa kishindo kidogo. Mwanafunzi mwenye alama hizi apelekwe akapigwe picha. Akikutwa hana kitu, hapana kilichopotea isipokuwa nauli.

Kijana wetu wa kubuni ana mwisho wa namna mbili. Katika mwisho mmoja anafika hospitali mwezi wa saba, amechanjwa mara mbili, na daktari anamtazama baba yake kwa huzuni. Katika mwisho wa pili, mwalimu wake wa biolojia anamwona akichechemea kuelekea bombani asubuhi, anamwuliza tangu lini, na juma hilohilo anampeleka Ifakara. Titani ni ileile katika miisho yote miwili, na madaktari ni walewale. Kinachotofautiana ni swali la mwalimu.